Safari ya Ejo

Alhamisi, 12 Juni 2025
Runazi. Gari limerudi kutoka kwa fundi Gidioni — breki mpya, rejeta haivuji tena. Kanizungusha wiki nzima, lakini mwisho kanitoa aibu. Mungu ambariki.

Kesho nampeleka mama Murusagamba. Dada yake, mama mkubwa Nimpaye, anarudi Burundi kwa mwanawe mkubwa, na harudi tena huku. Hawajaonana miaka kumi na moja. Mmoja upande huu wa msitu, mwingine upande ule, kila mwaka "mwakani". Sasa mwakani zimekwisha.

Mama kafunga maharage na kitenge kipya. Chakula hakugusa. Eti ameshiba — ameshiba nini?

Ijumaa, 13 Juni
Nyakahura, gesti safi, maji ya moto yapo. Nashukuru.

Tulichelewa kutoka. Mama alitaka kwanza aombewe na jirani, Ildefonsa. Ildefonsa akaomba kwa urefu, kisha akakumbuka kwamba ana ndizi za kutupatia. Msitu tukauingia saa tisa alasiri.

Nilidhani ataogopa. Zamani, magari yalipokuwa yakisubiriana ili yapite na askari kwa hofu ya majambazi, yeye alipita hapa mara nne, zote kalala sakafuni mwa basi, kitenge usoni. Leo kakaa mbele na kioo kashusha. Vilima baada ya vilima, miti mpaka juu kabisa, majani mengine yameanza wekundu. Kila kona ukidhani ndiyo ya mwisho, bonde jingine linafunguka. Nyani wamekaa katikati ya lami, hawana habari na mtu.

"Kumbe ni pazuri," mama akasema. "Mimi nirijua harufu ya viatu vya watu tu."

Nikacheka. Kila nikikanyaga mafuta: "Porepore, mwanangu. Acha nione." Na ndiye aliyekuwa na haraka ya dada yake! Nikaenda thelathini. Malori yalitupita yakipiga honi, nikayaachia njia. Miaka thelathini na minne ananilea na kunisomesha, leo ndiyo mara ya kwanza namwonyesha kitu. Nimefurahi.

Giza likatukuta hapa. Si kitu.

Jumamosi, 14 Juni, saa mbili asubuhi
Rulenge. Mtandao umeshika, ujumbe ukaingia. Ni wa Bukuru, kijana wa mama mkubwa anayekaa naye, kautuma jana. Maneno manne: "Safari ya mama ejo."

Nampigia, hapatikani. Kirundi changu cha kuombea maji tu, kwa hiyo nikamwuliza mama ejo ni lini.

"Ni jana."

Nikapiga usukani kofi.

"Na ni kesho," akaongeza.

Jamani! Neno moja kwa siku zote mbili. Mama anasema kinachotofautisha ni kitenzi. Na Bukuru, kwa ubahili wake wa maneno, hakuweka kitenzi. Kwa hiyo ama mama mkubwa kaondoka juzi, ama anaondoka leo hii. Na sisi jana tulikuwa tunatazama nyani kwa mwendo wa thelathini! Nikaanza kujilaumu kwa sauti.

Mama kanikatiza. "Kama ni juzi, hata tungeruka tungemkosa. Kama ni reo, washa gari."

Saa tano
Murusagamba. Tumekwama kwenye kijito cha mwisho, tairi la mbele limezama. Mama hakungoja. Kavua viatu, kavuka, kapanda kuelekea migombani kwa dada yake — na umri ule! Namshukuru Mungu kwa magoti yake.

Kapita Mzee Anatory, jirani yao, na baiskeli. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamwuliza habari za kwa Nimpaye. Anasema alfajiri aliona gari pale, limepakia magodoro. Kama kulikuwa na watu ndani, hakutazama.

Nasikia kilio huko juu. Lakini kwao mama watu wakikutana hulia, wakipishana njiani hulia, na kwa mbali sitofautishi.

Kimekatika. Sasa mama anafoka, Kirundi tupu, hapumui. Hivyo huwafokea watu wake tu, mgeni humnyamazia. Kuna anayemjibu, ila upepo unaichukua sauti yake — ya Bukuru, au ya mama mkubwa?

Sauti ile tena. Tairi litangoja, navua viatu nipande nikaone.