Kwa Dada Yangu, Mwenye Hoteli ya Meksiko

Dada yangu Asumpta,

Barua hii nimeianza mara tatu na mara zote nimeichana, maana kila nikianza najikuta nakupa habari za watoto na za mvua, kana kwamba uko Ruangwa na utanijibu. Hutanijibu. Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike pale nyumbani, karibu na mama. Nami nina neno ambalo nimelikwepa kwa miaka mingi, na safari hii sitachana karatasi mpaka nilifikie.

Wewe ulikuwa mpishi wa padre kule misheni, yule padre mfupi aliyetoka Meksiko. Kiswahili chake kilikuwa cha kuvunjika, lakini jikoni hamkuhitaji mkalimani. Alikufundisha kupika vya kwao kwa vitu vya kwetu. Mahindi uliyachemsha kwa maji ya majivu yaliyochujwa mpaka maganda yakatoka yenyewe, ukayaosha maji matatu, ukayasaga kwenye jiwe yangali na unyevu, kisha ukayatandaza duara jembamba juu ya bati la moto. Yeye akiziita totiya. Mama alipoonja mara ya kwanza alitafuna, akatazama kipande kilichobaki mkononi, akasema, "Huu ni ugali uliokanyagwa na gari." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Halafu mama akaomba kingine.

Padre alipohamishwa ukanifuata Nachingwea, nilikopangiwa kufundisha sayansi. Ulipanga chumba cha mbele jirani na soko, ukaweka mabenchi mawili na meza ndefu, ukaandika ukutani kwa rangi ya bluu: HOTELI YA MEKSIKO. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Watu walidhani ni jina tu, kama vile wengine walivyoita hoteli zao kwa majina ya miji ambayo hawajawahi kufika. Wakiingia wakiulizia ugali, unawaletea totiya zilizofunikwa kwa kitambaa, mbaazi zilizopondwa na vitunguu, kuku aliyechambuliwa nyuzinyuzi, na kile kibakuli cha nyanya za kuchoma na pilipili kichaa. Wengine waliondoka wakisonya. Wengine walirudi kesho yake na rafiki zao. Mji mzima ukawa na maoni juu ya hoteli yako, hata wale ambao hawajawahi kukaa kwenye benchi lako.

Mimi nilikula kwako kila asubuhi. Nilipita uani, kwenye mlango wa nyuma, nikakaa juu ya kigoda karibu na moto. Unanipa za kwanza kutoka kwenye bati, zingali zimevimba, unaniuliza, "Babu, leo zimekujaje?" Uliniita Babu tangu nikiwa mchanga kwa sababu nilirithi jina la babu yetu mzaa baba. Ninakujibu zimekuja vizuri. Hukuwahi kuniuliza kwa nini sipiti mbele.

Nikuambie sasa. Shuleni walikuwa wameanza kuniita Mwalimu Totiya. Aliyeanza ni Mwalimu Shirima, mtu wa utani usioisha, nami sikuuweza utani wake. Wakati huohuo nilikuwa nimeanza kumposa Aneth, mwalimu mwenzetu aliyetoka Moshi, binti wa watu waliosoma. Nilitaka anione mtu mwenye adabu za mjini. Sikutaka anikute nimechuchumaa jikoni kwa dada yangu, mikono imejaa mbaazi. Dada ambaye nilimaliza chuo kwa jasho lake, mpishi aliyeishia darasa la nne, nilimficha mlango wa nyuma.

Ndipo yakaja mahafali ya kidato cha nne. Wazazi wangekuja kutoka Ruangwa, Mtua, Marambo, na mgeni rasmi juu yake. Uliniambia asubuhi moja, huku unapepea moto, "Babu, nisemee nipike mimi. Wakila watu wote wale siku moja, hakuna tena wa kuniuliza habari za majivu." Nikakujibu, "Usijali, dada. Nitasema." Ukafurahi sana. Ulianza palepale kuhesabu sufuria za kuazima.

Kikao cha kuchagua mpishi kilikaa saa nane mchana kwenye ofisi ya walimu. Waliotajwa walikuwa wawili, wewe na yule mzee wa pilau karibu na stendi.

"Jamani," Shirima akaanza, "mzazi atoke Marambo kwa miguu na njaa yake, tumpe chapati ya majivu?"

Watu wakacheka. Mama Zuhura, karani wetu, hakucheka. "Mwalimu Shirima, na ule mlenda unaoumalizaga pale sokoni, unadhani umelainishwa na nini? Si magadi ya majivu hayohayo?"

"Ule ni mlenda. Hii ni mikate ya Wazungu."

"Watu wa Meksiko si Wazungu," akasema mwalimu wa historia. "Mbaazi zake mimi nazikubali. Ila ile pilipili itamtoa mgeni rasmi machozi kabla ya hotuba."

"Machozi hayaui," Mama Zuhura akamjibu. "Yule mama ni msafi. Vyombo vyake vinang'aa kuliko vya humu ndani."

Wakabishana hivyo kwa muda, huyu anasema mahindi yaliyovuliwa ganda hayana nguvu, yule anasema ameshiba kwako mpaka jioni. Mwisho mkuu wa shule akagonga meza kwa kalamu. "Ngojeni. Tunaye mtu wa sayansi hapa, tena ni ndugu yake wa damu. Mwalimu, hebu tumalizie. Kile chakula kikoje?"

Dada, lilikuwa jambo la dakika mbili. Wiki ileile nilikuwa nimewafundisha kidato cha tatu habari za majivu na magadi. Ningesimama nikaeleza kwamba maji ya majivu yanavua ganda tu, na mahindi yanaoshwa, na hakuna dhara lolote. Ningesema kwamba asubuhi ile nimekula nne na mbaazi. Vidole vyangu vilikuwa bado vinanuka vitunguu. Lakini Shirima alikuwa ananitazama na kicheko kimemjaa mashavuni, na Aneth alikuwa amekaa mkabala nami, ameinua uso kunisikiliza.

Nikasema, "Mimi ni ndugu yake, sipendi ionekane napendelea. Lakini kusema ukweli, hata mimi mwenyewe sili kule."

Nilisema "kusema ukweli". Maneno hayo mawili ndiyo yananiamsha mpaka leo.

Shirima akapiga makofi. "Mmesikia? Mdogo mtu hali, sisi tule?" Kazi ikaenda kwa mzee wa pilau. Mama Zuhura alikusanya karatasi zake bila kunitazama.

Kesho yake asubuhi nilipita mlango wa nyuma kama kawaida. Nilikuwa nimejiandaa kukudanganya kwamba nilikusemea ila wamekataa. Hukuniuliza. Chakula changu kilikuwa tayari kimefunikwa. Ukasema tu, "Kula, kengele itakukuta." Na mimi nikala. Nilishukuru moyoni kwamba hujapata habari.

Kumbe ulikuwa nazo tangu jana yake jioni. Mama Zuhura ndiye aliyenieleza, siku mbili baadaye, amesimama mlangoni mwa darasa nikiwa na chaki mkononi. Alisema jioni ile Shirima alikuja hotelini kwako na wenzake wawili, mabenchi yote mawili yamejaa watu, akakuuliza kwa sauti, "Mama Meksiko, mdogo wako kasema kikaoni kwamba yeye hali hapa. Ni kweli?"

Watu wakaacha kutafuna wakusikilize. Ungeweza kuwaonyesha kigoda changu. Ungeweza kumwita jirani yeyote wa uani ashuhudie. Mama Zuhura anasema ulifuta mikono kwenye kanga taratibu, ukamjibu, "Kama kasema mwenyewe, ni kweli. Hali."

Mama Zuhura, aliyekuwa anakula pale, akakufuata jikoni, akakuambia, "Mbona mimi nimemwona kwa macho yangu akitokea huku nyuma?" Nawe ukamwambia, "Yule ni mwalimu, Mama Zuhura. Nikimfanya mwongo mbele ya wenzake leo, kesho atasimamaje mbele ya watoto wa watu?"

Baada ya kuyasikia hayo nilipaswa kuja kwako mbio. Sikuja. Niliacha kuja kabisa, hata kwa mlango wa nyuma. Nilishindwa kuutazama uso wako, nikajidanganya kwamba kazi zimezidi. Wateja nao wakapungua, maana neno lilikuwa limetoka kwa ndugu na limethibitishwa na mwenye hoteli. Msimu wa korosho ulipofika, mji ulijaa watu wenye njaa na fedha, na mabenchi yako yalibaki matupu. Ulifunga kabla msimu haujaisha. Uliniachia salamu kwa Mama Zuhura kwamba umerudi Ruangwa kulima. Ukutani maandishi yako yalipakwa chokaa, lakini ile bluu iliendelea kuonekana kwa mbali kwa muda mrefu, nami nikawa nazunguka njia nyingine kwenda sokoni.

Nilimwoa Aneth. Harusini ulikuja, ukapika na wanawake wengine, pilau. Hukupika kitu kingine.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, tamthilia za Meksiko zikafika kwenye televisheni. Watu walijazana jioni kwenye vibanda vya video wakiwalilia wapenzi wa kule. Siku moja Shirima huyohuyo akaniambia, "Mwalimu, ile hoteli ya dada yako ingekuwepo sasa hivi, angekuwa tajiri. Mbona alifunga?" Alikuwa ameshasahau kabisa. Nikamwambia sijui.

Ulipougua nilikuja Ruangwa mara mbili. Mara ya pili ulikuwa umekonda, umelala kwenye mkeka uani ukiota jua. Nilikaa karibu na miguu yako nikasema, "Dada, siku ile ya kikao..." Ukainua mkono kunizuia. Sauti yako ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka.

"Hayo usiniambie mimi. Mimi najua ulikuwa unakula, nilikuwa nakupakulia mwenyewe. Waambie wao."

Kisha ukaniomba nikugeuzie mkeka, jua limehama. Wiki mbili baadaye wakanipigia simu.

Nilidhani ulikuwa umenisamehe, na pengine ni kweli. Lakini uliniachia kazi, nami nimekaa nayo miaka mitatu. Juzi nilianzia nyumbani. Nilimweleza Aneth yote, kuanzia kigoda mpaka mkeka. Alikuwa ameshika kikombe cha chai kilichopoa. Nilifikiri atanilaumu kwa uwongo. Akasema, "Mimi siku zile nilikuwa natamani sana kwenda kula pale. Niliona haya kwenda peke yangu kwa wifi ambaye hukutaka nimjue."

Dada, nilikuficha kwa ajili ya mtu ambaye alikuwa anataka kuja kwako. Nilitoka nje, nikasimama uani, sikujua mikono niiweke wapi.

Jumamosi hii tunamuaga Shirima, amepata uhamisho. Watakuwepo walimu wa zamani na wapya, mkuu wetu wa wakati ule amealikwa, na Mama Zuhura ambaye sasa amestaafu. Nimeomba nafasi ya kusema maneno machache, wakadhani nitatoa utani wa kumuaga rafiki. Nitaisoma barua hii, yote, pamoja na "kusema ukweli" yangu. Aneth amesema atakaa mbele.

Naogopa. Nina umri wa kuwa na wajukuu, na bado naogopa kicheko cha chumba kimoja cha walimu. Lakini nitasimama. Nitawaambia kwamba nilikula kwa dada yangu kila asubuhi, kwamba chakula chake kilikuwa safi na kitamu, na kwamba mwongo nilikuwa mimi. Wakicheka, nitasubiri wamalize, halafu nitaendelea kusoma.

Pumzika, dada.

Ni mimi mdogo wako, uliyenifichia aibu.