Pikapu Iliyogoma Siku ya Kukuzika

Baba,

Pikapu yako imepona. Naanza na hiyo kwa sababu nakujua: ungeuliza gari kwanza, halafu Mama, halafu ndio sisi watoto. Usibishe.

Leo nimeipakia samaki wa mbuta pale Homa Bay mpaka ikainama, nikapanda nayo mlima jua likiwa kali, na haikusimama hata mara moja. Naona unaangalia pembeni. Baba, wewe! Miaka yote ile ulituambia unasimama Rongo kusalimia marafiki, mara unasimama kwa mama wa ndizi umpe pole, mara tushuke tuone ziwa. Kumbe gari ilikuwa imezima! Badala ya kufungua boneti ulikuwa unaipanguza na kitambaa ukingoja ipoe, huku unatusifia magari mapya, eti ya zamani yalikuwa ya kusukumwa lakini hii yetu haijui fundi. Yawa! Na sisi tukaamini una marafiki wengi.

Ndiyo maana ile siku ya kukutoa Migori kukupeleka nyumbani Kendu Bay, hakuna aliyefikiria injini. Tulikulaza nyuma ya pikapu yako mwenyewe, jirani yetu akaendesha, na ndugu yako, Baba Mdogo Omondi, akaketi kando ya jeneza. Tulipopita Homa Bay tukaanza kupanda, gari ikakohoa, ikanyamaza. Jirani akajaribu tena, wapi! Wanawake wakaacha kuimba. Kila mtu alijua maana yake: marehemu amekataa kwenda, ana neno moyoni. Sote tukamgeukia Baba Mdogo, kwa sababu ndiye aliyesema kwenye matanga kwamba pikapu ibaki Kendu, ni mali ya ukoo, mwanamke na msichana watafanyia nini gari.

Alivua kofia, akaweka mkono kwenye jeneza. "Owadwa, ndugu yangu," alisema, "kama ni pikapu, sitaigusa. Iwe ya Atieno na mama yake. Twende nyumbani, tafadhali." Alikubembeleza mpaka jasho likamtoka. Halafu jirani akageuza ufunguo, na gari ikanguruma! Vigelegele vilivyopigwa pale ungedhani ni harusi. Mimi nililia na kucheka pamoja.

Basi tangu hapo naendesha mwenyewe. Migori wamechoka kunishangaa. Pikapu ndiyo inatulisha, na karo ya wadogo zangu inatoka humo humo. Lakini ilizidi kuzima, na samaki hawangoji mtu. Ndipo siku moja kwenye stesheni ya petroli nikamkuta mtu wa kampuni iliyoyatengeneza magari haya, anasimamisha pikapu zote za aina yetu. Akaniambia kampuni inaziita zirudi. Pampu ya dizeli imetoka kiwandani na kasoro. Ikipata joto na mzigo inakwama, ikipoa inafanya kazi. Niende Kisumu, watanibadilishia bure.

Nilibaki nimeshika usukani, sijui nifurahi au nilie. Nikienda, Baba Mdogo atasikia, na ahadi yake ilitokana na gari kuzima. Nisipoenda, siku moja itanizimikia mahali pabaya. Nikaenda. Kujificha nyuma ya kitambaa ni kipaji chako, mimi sina.

Wee! Alisikia kabla hata sijafika nyumbani. Akatuita sote Kendu, amevaa lile koti lake la mikutano. "Nimechezewa!" akapiga meza. "Niliahidi pampu! Sikumwahidi ndugu yangu!" Mama akainamisha kichwa. Mimi niliweka ufunguo mezani kabla sijaulizwa, maana nilijua kama mambo ni hivyo tumekwisha.

Dani, mama yako, ndiye alicheka. Unakijua kicheko chake. "Omondi," akamwambia, "siku ile ulikuwa unaongea na nani?" Akajibu, na ndugu yangu. "Basi yuko hapo nje. Nenda umwambie umegeuza maneno. Usitutume sisi."

Baba Mdogo akatoka kwa hasira mpaka kaburini kwako. Sisi tulimwona tukiwa mlangoni, amesimama tu. Anainua mkono kama anataka kuanza, anaushusha. Nikamwonea huruma, nikamfuata, na kwa kukosa la kusema nikasema ukweli: "Baba Mdogo, lakini kama ilikuwa pampu, basi Baba hakuwa amekukasirikia."

Akanigeukia. Baba, sijawahi kumwona mtu mzima akilia hivyo. Kumbe tangu siku ile alikuwa anaamini umekwenda na kinyongo naye, hata usingizi haumjii vizuri, na hakumwambia yeyote. Aliniuliza kama mtoto: kweli hakukataa? Nikamwambia hakukataa, ni pampu, hata kasoro yenyewe nimeonyeshwa Kisumu. Akapangusa macho na mkono wa koti, akacheka, akalia tena.

Tuliporudi ndani akaitisha chai. Alipomaliza kikombe akausukuma ufunguo upande wangu bila kuniangalia. "Usikubali wakupakilie kupita kiasi," akasema. Dani akammiminia kikombe kingine.

Mama anakusalimu. Amenenepa kidogo, usimwambie nimesema. Mimi bado nikipata habari nzuri nageuka nikuambie, halafu nakumbuka. Inauma, Baba. Inauma sana, hata siku nzuri kama leo.

Pumzika sasa, mzee wangu, tutaonana Mungu akipenda. Jumamosi nakuja na mchanga na saruji tukujengee kaburi, na Baba Mdogo ataketi mbele pamoja nami. Nakuahidi, na hii ahadi nimeitoa gari ikiwa inatembea.

Binti yako,
Atieno