Mwaka Bila Sista Subiri

Mwaka umetimia, Mama, tangu ututoke pale kwenye benchi la mapokezi ya hospitali ya mkoa, mkoba mapajani, kichwa begani kwa Baba. Watu wanatuambia muda ni dawa. Sisi tumeinywa mwaka mzima na hatujaona nafuu.

Mji wote ulikuita Sista Subiri. Ulikaa meza ya kwanza, ile ambayo kila mgonjwa hupitia kabla ya kumwona daktari. Huyu unamgusa shingo kwa mgongo wa mkono, yule unamvuta kope ya chini, halafu unaamua: wewe ingia sasa hivi, wewe subiri. Aliyezidiwa kwanza, wengine kwa jinsi walivyofika. Undugu haukuwa na kiti kwenye meza ile. Jirani yetu muuza mkaa alipokuja na kuku kwapani ili apitishwe haraka, ulimjibu, "Kuku nimemwona. Wewe foleni yako ile pale." Mpaka leo akikutana nasi huanza kucheka, kisha anakumbuka na kunyamaza.

Hata Baba hakusalimika. Siku sindano ya cherehani ilipomtoboa kidole, alikuja mbio huku damu inamtoka, kifua mbele, maana mke wake yupo. Ukakitazama kidole, ukakifunga kitambaa, ukamweka nyuma ya wote. "Kidole hakiui," ulimwambia mbele za watu. Alirudi jioni analalamika kwamba yeye hakuoa mke, kaoa askari. Ukacheka, ukamwekea chai. Ndivyo mlivyopendana, kwa kutaniana.

Sisi wanao ulitulea kwa sheria hiyohiyo. Nyumbani, aliyechelewa kunawa mikono alikula mwisho, awe mgeni awe mwenyeji. Na hospitali ulitukataza kabisa kusema sisi ni wa nani. "Mkitaja jina langu, kuna mtoto mwenzenu anarudishwa nyuma." Tukazoea. Ukaja kustaafu, wenzako wa zamani wakahamishwa mmoja mmoja, sheria ikabaki palepale.

Jioni ulikuwa ukipaka viatu vyako vyeupe chaki huku ukitusimulia waliopona. Wale wengine hukuwataja. Tuliwajua kwa jinsi ulivyosugua kiatu kilichokwisha kuwa cheupe.

Jumapili ile ulisema ni gesi. Jasho linakutiririka, mkono wa kushoto umeukumbatia, na bado unasema ni gesi. Baba na kaka yetu fundi umeme walikupeleka kwa kukulazimisha. Daktari alikuwa mmoja, naye alikuwa chumba cha upasuaji. Mkakaa benchini pamoja na watu wengine. Baba alipoinuka aende dirishani akaseme wewe ni nani, ulimshika shati. "Kaa chini. Usinitie aibu uzeeni." Mfagiaji mmoja wa siku nyingi akakutambua, akafungua mdomo, ukamwashiria anyamaze, akanyamaza. Na zamu yako ilipokaribia, akaingia mama mwenye mtoto anayetetemeka kwa degedege, nawe ukasema, "Mpitisheni huyo. Mimi naweza kusubiri."

Hukuweza, Mama. Wewe uliyekuwa ukimtazama mtu mara moja tu ukamjua, wewe mwenyewe hukujijua. Mganga hajigangi, wahenga walisema, lakini wahenga hawakukaa kwenye benchi lile na Baba. Alidhani umesinzia. Alikaa bila kujitikisa, asije akakuamsha.

Mtoto wa degedege alipona. Mama yake alikuja msibani, tukampokea vizuri kama ulivyotufundisha. Tukisema tulifurahi kumwona tutakuwa waongo.

Tangu hapo cherehani ya Baba imefunikwa shuka. Nguo za watu tulizirudisha sisi, zingine hazijapigwa pindo. Alibakiwa na neno moja: "Ningesema." Ukimwamkia, ningesema. Ukimpelekea chai, ningesema. Tulimwambia, "Baba, mwanamke yule nani angemweza?" Tulimwambia mpaka tukachoka.

Mwezi uliopita mjukuu wako Kisauti alishikwa na homa kali. Baba akamchukua mikononi mwa mama yake, akaenda moja kwa moja dirishani, akaipita foleni nzima. "Mimi ni mume wa Sista Subiri," alisema, kwa sauti ambayo hatujaisikia kwake mwaka mzima. "Na huyu ni mjukuu wake."

Binti wa dirishani alikuwa na adabu zake. Alimwamkia, akafikiri kidogo. "Sista yupi, baba?"

Baba akamwonyesha ile meza. Binti akaitazama.

"Unisamehe, baba, wengi wetu hapa ni wageni. Kaeni kwenye benchi, mtaitwa."

Walikaa, wakaitwa. Kisauti amepona, usiwe na wasiwasi. Ila Baba alirudi akakaa kitandani bila kuvua viatu. "Kumbe hata ningesema," alituambia.

Tulidhani hilo litamtua mzigo. Ndilo lililommaliza. Mwaka mzima alikuwa na kosa lake la kushika, na maadamu lilikuwa kosa lake, basi ungeweza kupona. Sasa hana hata hilo. Hasemi tena "ningesema." Hasemi chochote. Anakaa upande wake wa kitanda, na ukimuuliza kama anataka kula, anakutazama kana kwamba umemuuliza habari za mtu mwingine.

Wengine katika matangazo kama haya huandika kwamba umepumzika. Sisi tunajua hukuwa umechoka. Faraja tuliitafuta ili tukuandikie, hatukuipata, na kukudanganya hatukuzoea.

Unakumbukwa na mumeo, fundi cherehani. Bintiyo, mwalimu, aliyeandika haya kwa niaba ya wote. Mwanao fundi umeme na mkewe. Mdogo wako wa kike, anayevaa ile saa yako ya kifuani. Na Kisauti, uliyempa jina hilo wewe mwenyewe. Kama kuna wengine huko hospitalini, hatujui.

Kukusahau hatuwezi, Mama. Tumejaribu.