Mabuti ya Faustin na filamu ya mzimu mwenye wivu

Jumatatu, Muheto. Mvua inanyesha tangu asubuhi, na mimi nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Nianze na jana. Baada ya misa mimi na mama mkwe wangu, Mama Veronika, tulikwenda kwa jirani yetu mwenye televisheni ya umeme wa jua. Tuliwekewa filamu ya mapenzi yenye mzimu ndani, na msimulizi akitufasiria kwa Kiswahili. Mwanaume anakufa, mkewe anachumbiwa upya, naye marehemu anarudi nyumbani kumharibia mchumba kila kitu. Anamwaga chumvi kwenye mboga. Anamfungia chooni. Anaweza kupita ukutani, lakini kwa mkewe bado anabisha hodi, na hapo ndipo nilipompenda.

Je, ni filamu nzuri? Ni nzuri, ingawa yule mchumba ni sura tu, na mwishoni wanaimba mpaka unasahau nani amekufa. Lakini kicheko na uchungu vinakaa pamoja bila kusukumana. Nilicheka huku nikifuta macho.

Maana na mimi ni mjane. Faustin wangu ana miaka mitatu kaburini. Seremala Anselme aliniomba tuoane tangu mavuno ya maharage, na sijamjibu. Nakiri: simwogopi Faustin, namwogopa mama yake. Amenishika kama mtoto wake tangu msiba, na nikimpoteza sina mama mwingine.

Mama Veronika alicheka kuliko wote. "Huyu mufu iko na wivu sawa Faustin, mwana wangu!" alisema kwa sauti, akanipiga paja.

Kisha ikajulikana kwa nini mzimu hawezi kuondoka: mkewe bado anaweka viatu vyake kando ya kitanda.

Mama akaondoa mkono wake pajani mwangu.

Kwetu, siku ya kumaliza matanga, nguo za marehemu hugawiwa ndugu. Za Faustin ziligawiwa zote, isipokuwa mabuti yake ya mvua. Mama aliyaficha chini ya kitanda chake, na kila Jumamosi huyaosha matope ambayo hayapo. Mimi najua, naye anajua kwamba najua. Tulirudi nyumbani, nami nikailaani ile filamu kimoyomoyo.

Leo Anselme alikuja kutengeneza mlango wa jikoni. Alipotaka kuondoka mvua ilikuwa imezidi, na soli ya kiatu chake imeachama. Mama aliingia chumbani, akatoka na mabuti.

"Vala hizi, Papa Anselme. Njia iko mubaya."

Anselme alinitazama. Mimi nilitazama sufuria.

"Mama, hizi njo za Faustin," alisema polepole.

"Najua. Usizitume na muntu. Uzirudishe weye mwenyewe, na uniletee neno lenye uko nalo."

Mabuti yalimbana, niliona alivyokunja uso. Alishuka kilima akichechemea, wala hakulalamika.

Mama akarudi kumenya viazi. Nikakaa karibu naye, nikachukua kisu, nikalia kidogo. Akaniambia tu niangalie vidole.

Asante Mungu kwa mama huyu. Asante hata kwa yule mzimu mwenye wivu. Na Anselme akirudi, nitamjibu kabla hajavua mabuti.