Maji Aliyoyakataa Mama

Machakos mjini,
Ijumaa, baada ya Alasiri.

Kwa kaka yangu Zaki,

Assalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Nuha na watoto, na joto la huko Maskati liwe limewapunguzia kidogo. Sisi hatujambo. Mvua imetukumbuka mwaka huu, na mahindi ya kuchoma yamejaa sokoni. Mama anakusalimu kwa sauti kubwa kutoka jikoni, ambako amesimama kwa miguu yake miwili akikaanga mahamri. Nimeanza na hilo makusudi, usije ukasoma yanayofuata moyo ukienda mbio.

Kwa simu nilikuambia tu kwamba mguu umepona kwa dawa mpya. Dawa yenyewe sikuitaja kwa sababu Mama hakutaka. Sasa ameniruhusu.

Unakumbuka alivyoteleza uani akavunjika muundi, wakamtia chuma. Mfupa uliunga lakini kidonda kilikataa kufunga. Kikikauka leo, kesho kinatoa usaha. Walimbadilishia antibiotiki moja baada ya nyingine, za kumeza na za kudungwa, mpaka maabara ikasema bakteria waliomo wamezizoea karibu zote. Hapo daktari wa mifupa akaniita kando, akaniambia kwa upole nianze kumtayarisha Mama, maana huenda mguu ukakatwa chini ya goti. Nilikaa kwenye benchi la nje nikashindwa hata kulia. Nilikuwa naiona cherehani yake ile ya kukanyaga, na sikujua nitaipeleka wapi.

Ndipo tukaletewa Daktari Mwelu, binti wa Kangundo anayefanya utafiti Nairobi. Ni mwembamba na msemaji wa polepole. Alitueleza kwamba kuna virusi ambavyo kazi yake ni kuwinda bakteria, na mwanadamu havimgusi. Kila aina iko na bakteria wake: inamwingia, inazaana ndani yake, mpaka anapasuka. Alisema jambo lenyewe bado liko kwenye majaribio, lazima kamati iruhusu na Mama akubali, na hawezi kutuahidi chochote. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: virusi hivyo vinatolewa wapi?

Yule binti angeweza kumzungusha, lakini alimwambia ukweli. Vinatafutwa kwenye majitaka, kwa sababu penye bakteria wengi ndipo wawindaji wao walipo. Halafu maji yanachujwa na kusafishwa hadi vinabaki vyenyewe tu.

Mama akajivutia shuka. “Mwanangu, nitasimamaje mbele ya Mola wangu nikiwa na maji ya choo ndani ya mfupa?”

Daktari Mwelu hakubishana. Alisema, “Nimekuelewa, mwaitu,” vile Wakamba wanavyowaita mama zao, akaondoka.

Nilikwenda kwa imamu. Aliniuliza maswali mengi, mengine nikashindwa, akampigia daktari yeye mwenyewe. Kesho yake alikuja wodini akamwambia Mama kwamba kitu kikishasafishwa mpaka hakina tena rangi, harufu wala ladha ya najisi, hakihesabiwi najisi, na zaidi ya hapo kuokoa kiungo ni dharura. Mama alimshukuru sana, akamkaribisha chai, akakataa vilevile. Unamjua.

Aliyemgeuza ni mtu mwingine kabisa. Kuna mzee mmoja mjane anaitwa Abdulatif, fundi wa mizani pale nyuma ya soko. Mguu wake ulikatwa mwaka uliopita kwa kidonda cha namna hiyohiyo, na siku moja alikuja hospitalini kupimwa mguu wa bandia. Walikaa benchi moja, Mama akingoja kubadilishwa bandeji, na akamsimulia yote jinsi mtu anavyomsimulia abiria asiyetarajia kumwona tena. Mzee akamwambia, “Mama Zaki, dawa zangu zilipoisha, hakuna aliyekuja kuniuliza kama nataka kujaribu kitu kingine. Wewe angalau umeulizwa.” Jioni ile Mama akaniambia nimtafute Daktari Mwelu.

Virusi vya kwanza walivyojaribu kwenye maabara havikufanya kitu. Daktari alikuja kutuambia akiwa ameinamisha kichwa, na safari hii Mama ndiye aliyembembeleza. Tukangoja, mguu ukivimba. Mwishowe wakavipata kwenye maji ya mtaro chini ya soko letu hapa. Alituonyesha picha: kisahani kimefunikwa na bakteria kama utando wa uji, na katikati matundu safi mahali walipoliwa. Mama aliitazama sana, akasema kumbe wazaliwa wa Machakos, akacheka.

Walikifungua kidonda, wakakisafisha, wakawa wanaitia ile dawa kwa mrija mdogo, pamoja na antibiotiki. Alasiri moja homa ilimpanda akatetemeka, nami kwa hofu nikaanza kumsomea Yasin. Akafumbua macho akaniambia ninyamaze, hajafa mtu hapa. Homa ikashuka. Usaha ukapungua, nyama ikaota nyekundu, na maabara ikatafuta wale bakteria isiwaone. Daktari Mwelu ametuonya tusitangaze kwamba kila mtu atapona hivi, na Mama ataendelea kupimwa kwa muda mrefu. Lakini cherehani inalia tena, kaka. Ameshamaliza mahamri, na sasa naisikia nikiandika.

Sasa nifike kwenye jambo lililonishikisha kalamu. Mzee Abdulatif ameleta posa. Alikuja na imamu, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, anatembea kwa ule mguu mpya akijitahidi usilie kwenye sakafu. Anataka kumwoa Mama.

Siku ile nilikasirika kwa ajili ya marehemu Baba, nikaacha wageni bila hata maji. Lakini juzi niliwakuta uani na imamu, wakilinganisha nani alipiga kelele zaidi akibadilishwa bandeji, na Mama alikuwa anacheka hadi anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Tangu Baba atutoke, nilidhani kicheko kile alizikwa nacho. Nikarudi jikoni nikawapikia chai, nikatia iliki.

Mama hajajibu. Anasema hatasema neno mpaka wewe, mwanawe wa kwanza, ujue, na kukuambia kwa simu anaona haya. Nilimuuliza kama niandike kwamba anaomba ruhusa yako. Alisimamisha cherehani, akafikiri. “Ruhusa siombi,” akasema. “Mwandikie naomba asiumie.”

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na wifi mwambie kitambaa chake kimefika salama, rangi nimeipenda. Ukimaliza kusoma, usinipigie mimi. Mpigie yeye.

Ni mimi dada yako,
Habiba