Kigeti cha Chumba cha Mama

Nyumba ileile ya mama, siku hizi shule ya awali,
Barabara ya Kiwanda cha Sabuni.
Jumatano, tarehe 9 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko zile ulizonipunja kwenye barua yako. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Mgongo wake umepona, au bado unamuuma siku za kufua tu? Sisi huku tunaendelea. Mimi mafua yameniacha, mama magoti yanamsumbua asubuhi, watoto wa shule wanakula na kupiga kelele, kwa hiyo hatuna neno.

Kumbe shangazi keshakufikishia kwamba nimemfungia mama kama kuku. Shangazi na kidomodomo chake! Alikuja hapa, akanywa chai, akaaga akicheka, kumbe anakusanya ya kukupelekea. Sasa acha nikueleze mwenyewe, ili ukilia ulie ukijua unalilia nini.

Ukaguzi wa shule yangu ulikuwa unakuja. Ukitaka kujua chumba kina hatari gani kwa mtoto wa miaka mitatu, usisimame, piga magoti utambae. Nilitambaa nyumba nzima, mtu mzima na makalio yangu haya, mpishi akacheka mpaka akaegemea ukuta. Ukiwa kule chini unaona pembe za meza ziko sawasawa na jicho, na mlango upande wa bawaba unangoja vidole. Pembe nikazivisha mpira, soketi nikazifunika, kamba za pazia nikazifunga juu. Pipa la maji likapata mfuniko wa kufunga, na dawa ya chooni ikahamia kabati la juu kabisa.

Nilipofika chini ya kiti cha mama nikakuta kidonge chake cha presha, kimelowa mate. Pembeni yupo Chiriku, yule binti wa fundi cherehani asiyefunga mdomo, anafuta ulimi kwa gauni. Alikiokota, akakitia kinywani, uchungu ndio uliomtemesha. Mama akasema kimemponyoka, mikono inatetemeka. Inatetemeka kweli, na kesho itatetemeka tena.

Basi mama naye nikamhesabu pamoja na soketi. Nikamwita seremala aweke kigeti kwenye mlango wa chumba chake, chenye komeo la kubonyeza kwa mkono mmoja huku unainua kwa mwingine, mtoto asiliweze. Mama naye haliwezi, vidole vyake havina nguvu hiyo. Seremala aliliona hilo, akaniuliza taratibu kama tubadilishe. Nikamwambia hilohilo linafaa. Unaona sikufichi kitu.

Sasa akitaka kwenda msalani anagonga kikombe kwenye kigeti, na mpishi anakwenda akipata nafasi. Kichekesho ni kwamba Chiriku alilijua lile komeo siku hiyohiyo. Nikawa namkuta mama sebuleni, katikati ya watoto, anajitia hamnazo. Nikaongeza komeo la pili, juu, asikofika Chiriku.

Usiniambie nyumba ni yake, najua ni yake. Wewe uliyekatiwa minofu mimi nikikwangua sufuria, wewe uliyepakatwa hadi unakaribia kuota ndevu, leo uko mbali unanitumia machozi kwa posta. Kucha zake nakata mimi. Shuka zake nafua mimi. Nina hasira na wewe, mdogo wangu, na nimechoka kuifunika kwa salamu.

Mkaguzi alikuja wiki iliyopita, mwanamke mwenye miwani na futi ya kupimia mkononi. Akatikisa meza, akapitisha kidole kwenye bawaba, akaivuta bembea kwa uzito wake wote. Akaridhika, nami nikaanza kupumua. Kisha akasimama mbele ya kigeti, akamtazama mama aliyekaa kitandani.

"Na huyu bibi ni nani?"

Ningesema ni mama yangu, ningeulizwa kwa nini kafungiwa, tungefika kwenye vidonge, na shule ingekwenda na maji. Nikasema ni mpangaji.

Mama siku hizi mengi hayasikii. Hilo alilisikia.

"Ndiyo, mpangaji," alimwambia mkaguzi. "Nahama mwezi huu."

Mkaguzi akafurahi, akashauri chumba kikishabaki wazi kiwe cha watoto kulala mchana, akatia saini yake. Mama alinisaidia, hilo lazima niseme. Kumshukuru sikumshukuru.

Mgeni alipoondoka, mama akaniuliza, wala hakuwa na hasira, anahamia wapi. Halafu nikaikumbuka barua yako na jinsi ulivyonivua nguo, kwamba mama hastahili kuishi hivi. Nikamwambia unakuja kumchukua. Sikukuuliza, ndiyo. Lakini mtu anayejua mama asikostahili kuishi, bila shaka anajua na anakostahili.

Tangu siku hiyo akiamka anavaa lile gauni lake la kutokea, anavaa na viatu, anakaa ukingoni mwa kitanda. Gari likipunguza mwendo barabarani anamuuliza mpishi ni nani. Seremala ameshakuja kupima chumba.

Nisalimie sana wifi, mwambie aanze kukitoa vitu chumba chenu cha nyuma. Wabusu wanao. Mpishi anakusalimu, na shangazi nadhani mnasalimiana wenyewe. Mungu awape afya, na nyumba yenu isipungukiwe na nafasi.

Mama nilimuuliza nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Amesema hana haja ya kumtumia salamu mtu ambaye yuko njiani.

Dada yako akupendaye.