Mama Alirudishwa Mlangoni Jioni ya Magauni

Jumapili, Bariadi. Saa kumi alasiri.

Mawingu yamejazana tangu asubuhi na mvua haitaki kushuka. Nimefua, nimepiga pasi sare za watoto, nimedeki sebule ambayo haikuwa chafu. Wiki tatu nimekwepa kuandika haya. Leo nimeishiwa kazi za kukwepea.

Kilichonikalisha chini ni ujumbe ulioingia jana kwenye grupu la WhatsApp la ofisini kwetu. Madam Jackie, mwenyekiti wa kamati ya burudani, ameuliza: kwenye safari ya meli ya mwakani, ile jioni ya mavazi rasmi iendelee au tuiondoe? Tupige kura. Watu wameanza kutuma vidole gumba na picha zao wakiwa kwenye suti.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati hiyo hadi leo. Sheria ya mavazi niliiandika mimi.

Mwaka huu tulichoka kuchinja mbuzi na kucheza muziki kwenye ukumbi uleule wa hapa mjini. Tukaamua twende Mwanza tupande meli, siku mbili ziwani, tulale humo humo, na kila mfanyakazi aje na ndugu mmoja. Madam Jackie alikuwa ameangalia video za meli kubwa za watalii huko nje, ambako kuna jioni moja abiria wote huvaa kama wanaenda harusini, kisha wanakula pamoja na nahodha. Akasema na sisi tufanye hivyo. Tulichangamka wote, na mimi kupita wote. Ukikaa miaka na vumbi la hapa, ukaambiwa kuna jioni ya magauni juu ya maji, moyo unaruka.

Niliandika hivi: wanaume suti na tai, wanawake magauni marefu ya jioni. Jinzi, ndala na vitenge vya kujifunga haviruhusiwi ukumbini.

Hakuna aliyenituma niweke vitenge. Niliviweka mwenyewe. Kwenye sherehe ya mwaka uliopita wake wa baadhi ya wenzetu walikuja wamejifunga vitenge, na nilipoziona zile picha nikajisemea tunafanana na watu waliotoka msibani. Mimi niliyesema hivyo ni binti wa wakulima wa pamba wa Mwamanyili. Nimebebwa mgongoni kwa kitenge mpaka nikajua kutembea.

Ndugu niliyemchagua ni mama yangu. Nyumbani tunamwita Mayu, kwa Kisukuma. Ana miaka sabini na kitu, baba alishatangulia. Akisimama shambani kwake analiona ziwa, na umri wote huo hakuwahi kupanda hata mtumbwi. Nilipompigia kumpa habari alinitaka nirudie. Halafu akacheka.

"Ng'wanone, utanipeleka juu ya maji?"

Ng'wanone, yaani mwanangu. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka vile.

Nikamtumia gauni. Refu, la rangi ya dhahabu, linang'aa, mikono imeishia begani. Sikumuuliza kama analipenda. Nilimwambia tu kwamba ndilo la kuvaa jioni ya chakula, na yeye akasema amelipokea.

Asubuhi ya safari kosta ya ofisi ilimkuta njia panda ya kwao na begi dogo, amejipaka mafuta vizuri. Alipopanda alisalimia kiti kwa kiti, "Mwangaluka, mwangaluka," hadi nyuma kabisa. Masanja, dereva wetu, alishuka akampokea begi kwa mikono miwili. Madam Jackie akampa kiti chake cha dirishani. Naandika hilo ili nisimfanye Jackie kuwa mtu mbaya. Si mtu mbaya.

Mchana ule melini ulikuwa mzuri. Mayu alishika chuma cha pembeni kwa mikono yote miwili akawa anauliza. Hii meli inajuaje njia? Haya maji chini yana nini? Hawa wapishi wanapikaje sufuria zisimwagike? Nilimpiga picha nyingi. Bado zimo kwenye simu na sijaweza kuzifungua.

Ilipokaribia saa moja jioni nilimwacha chumbani avae, nikatangulia ukumbini kupanga meza. Kisha nikasimama mlangoni na Madam Jackie kupokea watu. Nilikuwa nimevaa gauni la zambarau na nilijiona mtu.

Mayu akatokea mwisho wa ujia mwembamba wa kuja ukumbini. Alikuja polepole, mkono mmoja ukutani kwa sababu sakafu ilikuwa inacheza. Alikuwa amevaa sare ya akina mama wa kigango chao: kitenge cha bluu chenye picha ya Bikira Maria, blauzi nyeupe iliyonyooshwa mpaka mikunjo imesimama, kitambaa kichwani.

Kwa asiyejua: hiyo ni nguo anayoivaa Pasaka, na askofu akija, na wanapomzika mwenzao. Alishatuambia sisi watoto wake kwamba tutamzika nayo. Hana nguo nyingine anayoiheshimu kuliko hiyo.

"Bibi, samahani," Madam Jackie alisema, anatabasamu, "leo ni mavazi rasmi tu."

Mayu akajitazama kuanzia kifuani hadi miguuni. Akageuza pindo la kitenge akaliangalia na nyuma. Alikuwa anatafuta doa. Alidhani amechafuka.

Madam Jackie akanigeukia, akasubiri. Hapo ndipo penyewe. Hakuwa amefunga mlango, alikuwa ananiachia mimi. Ningesema, "Huyu ni mama yangu, apite," angepita, na leo nisingekuwa na cha kuandika.

Nikasema, "Mayu, lile gauni liko wapi?"

"Nimeliacha nyumbani. Mikono yote iko nje, ng'wanone. Nitakaaje hivyo mbele ya watu?"

Bosi wetu alikuwa anakuja na mke wake. Nyuma yao watu wengine, manukato, vicheko. Nikamwambia arudi chumbani, nitamletea chakula. Nilimwambia kwa Kiswahili. Mimi na mama yangu hatuzungumzi Kiswahili.

"Haya," alisema, naye kwa Kiswahili. "Asante."

Akageuka. Mkono ukutani tena.

Na mimi nikaingia ndani.

Nilikula. Nilipiga picha. Bosi akaomba katibu aseme neno, nikasimama na gauni langu nikashukuru uongozi, nikashukuru kamati, kisha nikawashukuru wazazi wetu waliotulea kwa shida mpaka tukafika hapa. Walipiga makofi sana. Sijui lile neno la wazazi lilinitokaje mdomoni.

Nilipokumbuka sahani ya Mayu, chumbani hayumo. Nilimpata nyuma karibu na jiko la meli, amekaa kwenye kreti la soda na sare yake, anakula ugali na sato pamoja na wapishi wawili na Masanja. Masanja alikuwa ametuma ujumbe kwamba tumbo linamsumbua, hatakuja ukumbini. Walikuwa wanaongea Kisukuma na kucheka. Waliponiona wakanisogezea kiti cha plastiki kama mgeni.

"Tumeshakula," Mayu alisema. Nikasimama pale na sahani yangu ya pilau.

Hakunilaumu, si siku ile wala siku iliyofuata. Tulipomshusha kwao, mama mdogo alikuwa amekuja kumpokea, akamuuliza habari za meli. Mayu akasimulia maji, akasimulia samaki. Mama mdogo akauliza, na ile karamu kubwa je? Mayu akajibu kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nguo yangu haikufaa."

Kana kwamba kosa ni la nguo.

Nilijiambia litapita. Halafu jana, baada tu ya ule ujumbe wa kura, dada yangu anayeishi naye jirani akanipigia. Anasema Jumapili mbili sasa Mayu anaenda kanisani na nguo za kawaida. Sare ameifua, ameikunja, ameiweka chini kabisa ya sanduku. Wenzake wakimuuliza anasema imepauka.

Haijapauka. Niliiona.

Leo asubuhi nikaandika kwenye grupu. Niliandika yote: nani aliandika sheria, nani alirudishwa, nani alimrudisha. Nikamalizia kwamba kura yangu ni kuiondoa.

Niliona wanasoma. Kisha mmoja akaandika pole dada. Mwingine akaandika kwamba tusiharibu jambo zuri la watu wote kwa ajili ya tukio moja. Bosi akaweka mikono miwili ya kuomba, basi.

Madam Jackie alinipigia. Alikuwa na uchungu, na ana haki. Alisema sheria haikumlenga mama yangu. Alisema watu wetu wanashinda juani mwaka mzima, wanastahili jioni moja ya kujiona wakubwa, na ukiruhusu kila vazi hiyo jioni inakuwa siku ya kawaida. Kuna ukweli hapo. Hata mimi napenda magauni. Nilipenda lile la zambarau. Nasikia hata kwenye meli kubwa za huko tulikoiga wanabishana jambo hilihili, wengine wameshaacha, wengine wanaona haya mtu kuja mezani na kaptula.

Lakini nilimuuliza, vazi rasmi ni la nani? Nani alituambia kwamba gauni la dukani, ambalo nusu yetu tulikuwa tunalivuta juu kila dakika lisianguke, ni rasmi kuliko nguo anayotaka kuzikwa nayo mama wa watu?

Akasema, "Sasa mbona hukuniuliza hivyo pale mlangoni?"

Nikamwambia hilo ni kweli, nikamuaga.

Baadaye Masanja akaandika kwenye grupu. Huwa haandiki kitu zaidi ya saa za kuondoka kwa gari. Aliandika: "Mimi siku ile sikuumwa. Sina suti." Mtu wa baada yake ametuma matokeo ya mpira.

Nimejitoa kwenye kamati. Kura inaendelea bila mimi, na kwa ninavyoona vidole gumba, jioni ya magauni itabaki.

Mchana nilimpigia Mayu. Nilimwambia hata kama ofisi wanaendelea na mambo yao, mimi na yeye tutapanda meli ya kawaida, twende Ukerewe, avae anachotaka, akae anapotaka. Nilikuwa naongea haraka haraka kama muuzaji.

"Nenda wewe na watoto," alisema. "Mimi meli nimeshaiona."

Hakusema kwa hasira. Ningefurahi angesema kwa hasira. Akaniuliza kama mvua imenyesha Bariadi, nikamwambia bado, akasema hata kwao bado, tukaagana.

Ijumaa nikitoka kazini napanda basi kwenda Mwamanyili. Siendi kumweleza habari za kamati, wala sheria, wala Jackie. Wiki hizi tatu nimekuwa nikijitetea kwamba sheria ndiyo ilikuwa mbaya. Sheria ilikuwa karatasi. Pale mlangoni nilimwonea aibu mama yangu, na yeye aliiona usoni kwangu kabla hata sijafungua mdomo. Hilo ndilo ninalopaswa kumwambia, kwa Kisukuma, nikiwa nimekaa chini mbele yake.

Nimejaribu kulitamka peke yangu hapa sebuleni. Mara mbili limenitoka kwa Kiswahili.